Chupa Isiyo na Samaki

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme habari za masomo yangu ya uzamivu katika kemia ya mazingira. Mwenyekiti alitaka nieleze mafanikio. Namwomba radhi, maana sehemu kubwa ya maelezo yangu ni kosa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni kupima sumu katika maji, udongo na samaki. Katika uzamivu nilichagua zebaki. Wengi wenu mwajua jinsi wachimbaji wadogo wa dhahabu kanda ya ziwa wanavyoitumia: huichanganya na mchanga uliosagwa, nayo hushikana na dhahabu, kisha donge lile huchomwa motoni mpaka zebaki ipae kama mvuke na dhahabu ibaki. Sehemu nyingine ya zebaki huishia majini. Huko kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, iliyo mbaya zaidi, kwa sababu hukaa katika mwili wa samaki, na samaki mkubwa huilimbikiza kwa kila mdogo anayemla.

Basi nilikusanya samaki karibu na kijiji kimoja cha wachimbaji, nikawapima, nikapata namba za kutisha, nyingi zikipita nusu miligramu kwa kilo. Nilikuwa na haraka. Kabla msimamizi wangu hajazipitia, nilisimama katika mkutano wa kijiji nikawaambia watu waache kula sangara wa pale. Nilipigiwa makofi.

Mwaka 2016 nikapata nafasi katika kozi ya wiki mbili nchini Sweden, ya wanaosomea uzamivu tu. Asubuhi mihadhara, mchana maabara, usiku kusoma. Wiki mbili hizo zilinitoa jasho pamoja na baridi yote ile. Siku nzima ilikwenda kwa habari za Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki uliripotiwa rasmi mwaka 1956 na serikali ikakiri chanzo chake mwaka 1968. Katikati ya miaka hiyo 12, mnamo 1959, daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka majitaka ya kiwanda, na paka akaugua kama watu walivyougua. Matokeo hayakutangazwa. Nilipolisikia hilo nilijiona bora, kwa kuwa mimi sikunyamaza.

Siku ya pili yake tulipewa viroboto maji, wadudu wadogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Kwa kila kipimo cha sumu unaweka wadudu wasiopungua 20, na baada ya saa 48 unatikisa chombo taratibu na kuhesabu wasioweza kuogelea kwa sekunde 15. Kipo pia chombo kisichotiwa sumu. Humo wakishindwa kuogelea zaidi ya asilimia 10, jaribio zima hutupwa, hata kama vyombo vingine vimekupa jibu ulilolitamani. Kundi letu lilitupa mara moja, nasi tukanung'unika.

Zamu yangu ya kuonyesha matokeo ilipofika, mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: chupa isiyo na samaki ilisomaje? Chupa hiyo hupitishwa katika hatua zote za kazi, tindikali na moto na yote, ila haina kitu ndani. Nilikuwa nayo. Sikuwa nimeitazama. Nilifungua daftari mbele ya darasa, na chupa ile tupu ilikuwa imesoma karibu sawa na sangara.

Niliporudi nyumbani nilitafuta chanzo, nikakiona: mtungi wa zebaki niliopewa na wachimbaji nilikuwa nimeuweka katika chumba kile kile nilichotayarishia samaki, kifuniko chake kimelegea. Nilihama chumba, nikanunua vyombo vipya, nikavua upya. Kazi ya miaka miwili ikawa si kitu. Safari hii samaki walikuwa chini ya kiwango, wengi mbali kabisa.

Lakini nilipokuwa kijijini safari hii niliona jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita. Donge la zebaki lilikuwa likichomwa jikoni, katika sufuria, mtoto amekaa karibu. Mvuke ule ndio uliokuwa hatari yao kubwa. Nami nilikuwa nimewanyima kitoweo na kuwaachia moshi.

Ilinibidi kusimama tena katika mkutano ule ule. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja muuza samaki akasema, "Mwanangu, umeniharibia mwaka mzima. Sasa huo moshi tukuaminije?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwonyesha daftari, nikamweleza habari ya chupa tupu, mstari kwa mstari. Aliuliza maswali mengi kuliko baadhi ya watahini wangu. Wiki ile ile alihamishia jiko la kuchomea la mumewe nje, mbali na nyumba.

Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, na nchi yetu imeuridhia. Kwa hiyo, Ndugu Mwalimu Mkuu, kabla sijaketi nina ombi. Wakati wetu katika stoo ya maabara kulikuwa na chupa ya zebaki, nasi tulikuwa tukiiviringisha viganjani kwa furaha. Kama bado ipo, naomba ufunguo kesho asubuhi. Nimekuja na chombo cha kuichukulia.