DAWA ZA MARADHI YA AKILI NA MWEZI WA RAMADHANI

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya wazee wa wanafunzi baada ya sala ya Alasiri, mwishoni mwa mwezi wa Shaaban)

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, Ramadhani i mlangoni, na wengi wenu mmekwisha kutuuliza habari za kisukari na vidonda vya tumbo. Lipo suala moja lisiloulizwa hadharani kwa sababu watu hulionea haya, nalo ni suala la mgonjwa wa akili na vidonge vyake. Leo tumekusudia kulisema, na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Kosa tulilolifanya

Miaka kadhaa iliyopita alitujia kijana aliyekuwa akihudhuria darasa letu la jioni. Alikuwa akitumia dawa za skizofrenia, maradhi ambayo mwenye nayo aghalabu husikia sauti wasizozisikia wengine na kushuku watu bila ya sababu. Kwa miaka miwili alikuwa mtulivu, akifanya kazi na kuhifadhi Qur'ani. Akatuambia: "Maalim, nimepona. Ramadhani hii nataka kufunga bila ya vidonge." Tukafurahi, tukamwombea dua, wala hatukumuuliza kama daktari wake anajua.

Ilipoingia kumi la mwisho akawa halali usiku. Sisi tukadhani ni juhudi ya kisimamo, tukamtolea mfano kwa wenzake. Kumbe yalikuwa ni maradhi yamerejea. Baada ya Idi alifikishwa hospitali akiwa amefungwa kamba, na ikachukua miezi mingi kurejea alipokuwa. Mama yake akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Maalim, mwanangu alikuja kwako kabla ya kuja kwangu. Neno lako moja lingemtosha."

Tulichokosea ni kudhani kwamba aliyetulia hana haja tena ya dawa. Utulivu ule ulikuwa ni kazi ya dawa yenyewe. Anayeiacha kwa sababu ametulia ni kama mtu aliyeondoa nguzo kwa kuwa dari halijaanguka.

Tiba ya akili si jambo geni kwetu

Wako wanaosema kwamba dawa hizi ni upungufu wa tawakkul, na kwamba maradhi ya akili yote ni majini. Tunawakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kilichokusanya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kisomo na dua ni kheri, lakini asomewaye asinyang'anywe kidonge chake.

Dawa zenyewe zinafanya nini?

Dawa za mwanzo za zama hizi hazina umri mrefu. Manufaa ya lithiamu yalitangazwa na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949, na klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Klopromazini na haloperidoli hupunguza nguvu za kemikali moja ya ubongo iitwayo dopamini, na kwa njia hiyo sauti na shaka hutulia. Huweza pia kuleta usingizi, kukakamaa kwa viungo na kutetemeka. Mengi katika haya yana tiba, basi mgonjwa amwambie daktari, asiitupe dawa kimya kimya.

Dawa za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, hazifanyi kazi kwa siku moja. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne au zaidi, na baada ya kupona dawa huendelezwa kwa muda usiopungua miezi sita. Katika wiki za mwanzo jamaa wamwangalie mgonjwa kwa karibu, hasa kijana, wasije mawazo ya kujidhuru yakamzidi. Na amitriptilini ikimezwa kwa wingi huudhuru moyo na huweza kuua, basi na ihifadhiwe mbali na watoto, na mbali na aliyekata tamaa.

Mambo ya kuzingatia katika mfungo

Kwanza, mgonjwa amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Mchana wa saumu kwetu hupita saa 13. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa usiku, na ya mara mbili huenda ikawekwa wakati wa futari na daku. Ya mara tatu haikusanywi ikamezwa kwa pamoja. Daktari ndiye atakayeipanga upya.

Pili, atumiaye lithiamu awe na hadhari kubwa. Kipimo kinachofaa na kinachodhuru vimekaribiana sana, ndiyo maana hupimwa damu. Mwili ukipungukiwa na maji, lithiamu huzidi katika damu. Akiona kutapika, kuhara, kutetemeka sana au kuyumba, afungue saumu, asimeze kidonge kingine, na apelekwe hospitali papo hapo. Wala asinunue dukani dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki bila ya kuuliza, kwani nazo huizidisha.

Tatu, asiache ghafla. Aliyezoea diazepamu akiikata kwa siku moja huweza kupata degedege.

Nne, sindano ya dawa isiyo lishe haibatilishi saumu. Hivyo ndivyo lilivyoamua Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha mwaka 1997 mjini Jeddah. Basi mwenye sindano ya kila mwezi asiikimbie.

Tano, mama mjamzito au anayetarajia mimba amweleze daktari mapema, kwani dawa iitwayo valproeti humdhuru mtoto tumboni. Lakini naye asiiache kwa rai yake mwenyewe.

Na daktari mwaminifu akisema kwamba kufunga kutamdhuru mgonjwa, basi sheria imekwisha kumpa ruhusa. Kula kwake mchana si aibu, na anayemcheka ndiye mwenye kosa.

Neno la mwisho

Enyi walimu wenzetu, mgonjwa akitujia na kusema amepona, tumshukurie Mola wake pamoja naye, kisha tumuulize: "Daktari wako amesemaje?" Neno hilo moja sisi hatukulisema, na mama mmoja akalia kwa ajili yake.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atusamehe tulipokosea, awaponye wagonjwa wetu na atufikishe Ramadhani tukiwa na afya. Amin.

Wabillahi tawfiiq.