KARAFUU NI UA: TULITUNZE NYUMBANI

(Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi tukiwa wazima, na sanduku letu lingali na kufuli zake tatu.

Habari za hisa na mikopo mtazisikia kwa mweka hazina. Sisi tumepewa nafasi ya kusema jambo moja la nyumbani. Watu wa mjini hununua maua makavu ya kupamba meza. Sisi wa Uluguru maua yetu makavu yamo kwenye magunia. Maana karafuu, jamani, ni ua. Huchumwa kabla halijafunguka, linapoanza kuwa jekundu. Likishafunguka, thamani imekwenda.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, ukafika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800. Leo tunao Matombo, Mkuyuni na Kinole. Wenzetu wa Zanzibar huuza kwa shirika la serikali, ZSTC. Huku kwetu mnunuzi huja mwenyewe mpaka uani, na anajua kabisa Januari tunahangaikia sare na madaftari. Atasema, "Mama, nipe hivyo hivyo mbichi, usijisumbue kuanika." Sasa tupige hesabu. Kilo 3 za karafuu mbichi zikikauka hutoa kama kilo 1. Bei anayokupa ya mbichi, izidishe mara tatu. Je, inafikia bei ya kavu? Fanya hesabu hiyo akiwa bado amesimama, hata kwa mkaa ukutani.

Kukausha tunakujua, lakini tukumbushane. Chambua makonyo siku ile ile ya kuchuma. Usiache karafuu mbichi zimelundikwa usiku kucha, zitapata joto, zitachacha, na zitatoka nyeupe zimesinyaa. Anika kwenye jamvi au turubai safi, si chini kwenye udongo, wala barabarani kwenye lami. Jua likiwa zuri ni siku nne au tano. Jioni ingiza ndani, umande si mchezo. Karafuu iliyokauka ukiivunja inalia "ta!". Ikipinda tu, rudisha juani.

Kazi yenyewe ni baada ya hapo. Upande wetu wa mashariki mvua ya Bahari ya Hindi inatufikia kwanza, na asubuhi nyingine ukungu unaingia mpaka chumbani. Ukungu huo wa mlimani ndio unaozaa ukungu wa kwenye gunia. Kwa hiyo gunia liwe la katani, linapumua. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini ya nailoni bado tunaiona chini ya vitanda, na karafuu ambayo haijakauka sawasawa humo inatoka jasho. Weka gunia juu ya miti, mbali na ukuta. Usiliweke karibu na mafuta ya taa, samaki wala mbolea, na dari la jikoni nalo si mahali pake, litanuka moshi. Siku ya jua kali fungua, tia mkono mpaka katikati, nusa.

Za kupikia ziweke kwenye chupa yenye kifuniko, nzima nzima. Ukishazisaga harufu haikai. Kujua kama bado zina mafuta, tupia chache kwenye maji. Nzuri huzama, au husimama kichwa juu. Iliyokwisha huelea imelala.

Lipo jingine, na wanaume waliopo watuwie radhi. Gunia likikaa nyumbani miezi miwili, linapungua hata bila panya. Debe hili limelipa deni la kilabuni, debe lile amepewa shemeji. Ndiyo maana tulikubaliana kila mwanachama apime kwenye mzani wa kikundi kabla ya kufunga gunia, na kilo ziandikwe kwenye daftari la katibu. Ardhi kwa desturi yetu Waluguru inafuata ukoo wa mama. Si vizuri mavuno ya mti uliopandwa na bibi yako yatoke nyumbani wewe hujui yamekwenda wapi.

Na anayebanwa na shida kabla ya bei kupanda asikimbilie kwa mnunuzi. Aje Jumamosi kwenye sanduku, achukue mkopo mdogo, gunia libaki limefungwa. Wapo waliotuambia kwamba kukopa huku una karafuu ndani ni ujinga. Tunawajibu kwamba ujinga ni kuuza kilo tatu mbichi kwa bei isiyofikia ya kilo moja kavu.

Pale karibu na birika la chai tumeweka sahani mbili, moja ya karafuu kavu, nyingine ya zilizochacha, na bakuli la maji. Mgeni rasmi tunakuomba uanze wewe kuvunja, akina mama wafuate.