Kiroboto na Sakafu ya Nyumba: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Tumeombwa na Kamati tuseme machache juu ya viroboto. Wengine mlicheka tangazo liliposomwa, nasi hatuwalaumu, maana kiroboto ni mdudu wa kudharauliwa. Lakini leo iko mbele yetu hoja ya fedha za ustawi. Je, tuendelee kuzitumia zote kwa siku za kuosha miguu ya watoto wenye funza, kama tulivyozoea, au sehemu kubwa igeuzwe iwe ya kutengeneza sakafu? Hoja hiyo haiwezi kuamuliwa vema na mtu asiyejua mwenendo wa mdudu mwenyewe. Kwa hiyo mtuvumilie tukianza mbali kidogo.

Ugonjwa wa tauni umeandikwa katika historia tangu zamani. Mwaka 541 ulizuka Misri na kuenea katika dola ya Warumi wa Mashariki, siku za Kaisari Justinian. Ulirudi kwa nguvu kubwa zaidi kati ya mwaka 1347 na 1351, ukaua theluthi moja ya watu wa Ulaya, na wako wataalamu wasemao ni zaidi ya hapo. Watu wa siku zile hawakujua chanzo chake. Walilaumu nyota, wakalaumu hewa mbaya, kisha wakawalaumu majirani zao. Katika mji wa Strasbourg, mwaka 1349, Wayahudi walichomwa moto kwa kusingiziwa kuwa wametia sumu visimani. Tauni haikupungua hata kidogo kwa ajili ya moto ule.

Ilipita miaka mia tano na zaidi kabla ya ukweli kujulikana. Mwaka 1894 daktari Alexandre Yersin aliona kijidudu cha tauni huko Hong Kong, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akifanya kazi Karachi, alionyesha kwamba kiroboto cha panya ndicho kinachokichukua. Kazi yake ni hii. Kiroboto hunyonya damu ya panya mgonjwa. Vijidudu huzaana katika koo lake mpaka njia ya chakula ikazibika. Sasa kiroboto ana njaa isiyokwisha. Huuma na kuuma tena, na kila aumapo hutapika vijidudu ndani ya jeraha. Panya akifa mwili wake hupoa, na viroboto huuacha wakatafute damu yenye joto. Mwenye nyumba amelala karibu. Siku chache baadaye hushikwa na homa kali, na mitoki huvimba kinenani au kwapani.

Afrika ya Mashariki haikungoja wageni ili iujue ugonjwa huu. Waganda waliuita kaumpuli, na watu wa Kiziba, upande wa Bukoba, waliuita rubunga. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Robert Koch alithibitisha kuwa rubunga ndiyo tauni yenyewe. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuona ya kuwa panya hufa kwanza, wakajua kwamba panya wakianza kuanguka nyumbani ni wakati wa kuhama. Twalisema hili kwa fahari, kwa sababu madaktari wengi wenye shahada walichelewa kulitambua.

Nairobi je? Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na serikali ikaamuru soko lote litiwe moto. Lilichomwa, likajengwa tena, na tauni ikarudi katika miaka iliyofuata. Mwaka 1913 aliletwa Profesa Simpson kutoka Uingereza kuchunguza afya ya miji, naye akashauri kila taifa la watu likae sehemu yake mbali na lingine. Ninyi mliozaliwa zamani mnajua vema mahali tulipowekwa sisi. Panya hawakupewa pasi. Walipita kila mtaa kama walivyopenda.

Wala msidhani tauni ni habari ya vitabu tu. Katika wilaya ya Lushoto, Tanzania, waliandikwa wagonjwa 7,603 tangu mwaka 1980 hadi 2004, na 577 kati yao walikufa. Huko ni milimani kama kwetu, watu ni wakulima kama sisi, na mahindi huhifadhiwa karibu na malazi. Siku hizi dawa ziko, na mgonjwa akiwahi hupona.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa Meru watakumbuka homa ya papasi. Papasi si kiroboto, ni jamaa ya kupe, lakini twamtaja kwa sababu yeye pia aliishi katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, akatoka usiku kuwauma waliolala. Ugonjwa huo ulikuwa mwingi Meru hata daktari mmoja, Walton, aliandika makala juu yake mwaka 1950. Leo ni nadra sana. Dawa za kunyunyizia zilisaidia, lakini kwa maoni yetu jambo kubwa lilikuwa nyumba: zilipobadilika, papasi alikosa mahali pa kukaa. Hilo limetendeka hapa hapa kwetu, wala si Ulaya.

Aliyebaki ni ndutu, ambaye Waswahili humwita funza au tekenya. Yeye ni kiroboto kabisa, ndugu wa yule wa panya, ila jike lake haliishii kuuma. Huingia katika ngozi ya mguu, hukaa humo, huvimba kama punje ya njegere na kudondosha mayai zaidi ya mia. Twawasikia watu wakisema kwamba funza ni laana ya ukoo. Laana gani hiyo? Funza hakuwako Afrika zamani. Inasimuliwa kwamba aliletwa kutoka Brazil mwaka 1872, katika mchanga wa meli iitwayo Thomas Mitchell iliyotia nanga Ambriz, Angola. Akafuata njia za misafara, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani yetu ya Mashariki. Babu za babu zetu hawakumjua. Basi mtoto asiyekwenda shule kwa aibu ya miguu yake halipi deni la ukoo wowote.

Mayai ya funza huanguka vumbini. Kwa siku tatu au nne huanguliwa, na baada ya wiki tatu au nne yuko funza mpya tayari kuruka. Anachotaka ni vumbi laini, kavu, lisilofagiwa, kama lile lililo chini ya kitanda. Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Mtoto tunayemwosha Jumamosi hulala Jumamosi hiyo hiyo juu ya vumbi lile lile. Tena dawa ya zambarau tunayoipenda si hodari kama tulivyodhani. Majaribio yaliyofanywa Gatundu na kutangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba baada ya siku 7 iliua funza 39 katika kila 100, hali mafuta ya dimetikoni yaliua 78. Na zile pini zinazopokezanwa kutoka mguu hadi mguu zaweza kuleta pepopunda, hata virusi vya UKIMWI. Twaomba zikomeshwe leo, hoja ipite isipite.

Twajua saruji ni ghali, na wako watakaosema chama hiki si cha wajenzi. Hatuombi nyumba nzima. Twaomba chumba cha kulala tu, kwa wajane na wazee wasio na wa kuwasaidia, udongo ushindiliwe kwanza na saruji iwe juu. Vijana wetu watoe mikono. Mbuzi na mbwa walale nje, na mahindi yapelekwe ghalani, ili panya wasiitwe kitandani. Sehemu ndogo ya fedha ibaki kununua mafuta kwa miguu iliyokwisha kuumia.

Orodha ya nyumba zilizotembelewa na Kamati iko kwa Bwana Katibu, na ye yote aweza kuisoma kabla ya kura kupigwa alasiri. Majina ya wenye nyumba hayatasomwa hadharani.