Sola ya Nyumbani: Piga Hesabu Kabla ya Kuuza Mbuzi

(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti barazani Ganze, Kaunti ya Kilifi)



Sikuja kuuza sola. Mwaka juzi nilimnunulia mama yangu mtambo, ukazima baada ya miezi minane. Paneli ilikuwa nzima. Kilichokufa ni betri. Nilichagua ndogo ili niokoe pesa, na kila usiku televisheni iliimaliza kabisa. Betri ya asidi haitaki kushuka chini ya nusu. Kosa lilikuwa langu.

Basi tuhesabu. Taa nne za wati 5, zikiwaka saa tano, ni wati-saa 100. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne ni 120. Simu mbili, 20. Jumla ni 240 kwa siku. Jua kali tunalipata kama saa tano, na sehemu yake hupotelea kwenye joto, vumbi na nyaya. Paneli ya wati 50 haitatosha. Chukueni ya 100, maana Mei ina mawingu yake. Pasi na jokofu, jamani, si za mtambo huu.

Wati-saa 240 kwa betri ya volti 12 ni ampea-saa 20. Kwa betri ya asidi, nunua ya 40. Ukitaka kuvuka siku ya mawingu, ya 80. Ya lithiamu yaweza kuwa ndogo na hudumu zaidi, ingawa bei yake huuma.

Sasa mambo ya lipa polepole. Shilingi 50 kwa siku yaonekana ni pesa ya chai. Kwa siku 600 ni 30,000, na hapo hujahesabu malipo ya kwanza. Ulizia bei ya taslimu, ulinganishe. Uliza pia: nikikosa kulipa wiki moja, taa zitafungwa?

Fundi naye akuonyeshe leseni ya EPRA, na waranti iandikwe kwenye karatasi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hivyo paneli iinamie kaskazini kidogo, mvua itaiosha. Betri ya asidi hutoa gesi, isiwekwe chini ya kitanda.

Nimemwona mama pale nyuma ameshika mkataba wake. Kama hutajali, mama, tuusome pamoja, tuanzie hapo maswali.