Pumzi Nzito Isiyo ya Mbio

Leo tuongee juu ya pumzi. Sio ile ya mchakamchaka, la. Nasema pumzi ya mtu aliyelala kitandani, hakohoi, kifua hakimbani, lakini anahema kwa nguvu utadhani katoka kubeba gunia la mahindi.

Turudi darasani kidogo. Unaikumbuka karatasi ya litmasi? Ndimu huigeuza nyekundu, maji ya magadi huigeuza bluu. Damu yako iko upande wa magadi, ila kidogo tu: pH yake ni kati ya 7.35 na 7.45. Ikishuka chini ya 7, uhai uko hatarini. Na tindikali mwili unaitengeneza wenyewe, usiku na mchana, kila unapounguza chakula. Baikaboneti iliyomo kwenye damu huipoza, figo huitoa kwa mkojo, na mapafu hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo ikibaki kwenye damu hugeuka tindikali. Figo huenda polepole. Mapafu hayangoji, ndani ya dakika chache yameshaongeza kasi.

(Kwa hiyo embe bichi na ndimu kula tu. Haviichachushi damu, na anayekuuzia dawa ya "kusafisha tindikali ya damu" anakula hela yako bure.)

Sasa kuna kisukari kinachowapata hata watoto na vijana, ambacho mwili hauna insulini. Sukari imejaa kwenye damu, lakini chembechembe za mwili zinakufa njaa kwa sababu haiwezi kuingia. Mwili unaanza kuunguza mafuta, na ini linayageuza kuwa ketoni, ambazo ni tindikali. Baikaboneti inaisha, mapafu yanabaki yanahangaika. Ndiyo ile pumzi! Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliieleza mwaka 1874, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Wakati ule, aliyefika hapo alikuwa wa kufa. Mtu wa kwanza kutibiwa kisukari kwa sindano ya insulini alikuwa kijana, Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922.

Lakini sisi nyumbani tunasemaje? Malaria. Kalogwa. Msichana akitapika, eti ana mimba! Wewe uliza: ana kiu isiyokatika? Anakojoa kila mara, hata usiku? Amekonda ghafla? Tumbo linamuuma? Pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno, au dawa ya kufutia rangi ya kucha? Mpeleke hospitali sasa hivi, sio kesho, na mwombe mganga ampime sukari. Ni tone moja tu la damu ya kidoleni. Hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha anayo, sukari ipimwe. Usimnyweshe maji ya magadi. Anachohitaji ni dripu, insulini na uangalizi wa karibu.

Na wewe unayechoma insulini tayari, sikiliza hapa. Ukiugua ukashindwa kula, usiiache. Wengi huiacha wakidhani bila chakula haina kazi, kumbe ugonjwa huufanya mwili uihitaji zaidi. Pima sukari mara kwa mara, kunywa maji, muulize daktari kipimo cha kuchoma. Ukitapika mfululizo, nenda hospitali.

Kama unakaa bweni, mwonyeshe matroni au patroni, na rafiki mmoja wa kitanda cha jirani, mahali unapoiweka. Kama hakuna friji, iweke ndani ya chungu chenye ubaridi, kivulini, isilowe maji.