Kabla ya Kuomba Mbegu ya Nepia

Hii nepia tunayokatia ng'ombe ni nyasi ya mwitu ya Afrika, huota yenyewe kando ya mito. Kupanda si kazi: kata kipande chenye vifundo vitatu, fukia viwili, uache mita moja. Ikifika mita moja, kata.

Lakini jamani, kabla hujaomba mbegu kwa jirani, tembea kwanza shambani kwake. Ukiona nepia iliyokatwa inachipua fupi, ya manjano, majani madogo, huo ni ugonjwa wa kudumaa. Huenezwa na mbegu na vidudu. Dawa hakuna, ng'oa na mizizi yake. Nimeona mama akiuza ng'ombe kwa kukosa majani. Tusaidiane, lakini tusigawiane ugonjwa.