Mwanga Kama Mizani

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, Busale, Kyela



Katibu wetu aliponiandikia, aliniomba nizungumze juu ya faida za sayansi. Mada hiyo ni pana kama ziwa letu, na msemaji aweza kuzama humo asionekane tena. Kwa hiyo nimechagua sehemu ndogo tu: jinsi wahandisi walivyoufanya mwanga kuwa chombo cha kupimia, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi watu wa Kyela.

Sikulichagua kwa bahati. Kazi yangu serikalini ni ya vipimo. Nimezunguka masokoni na maghalani kwa miaka mingi nikihakiki mizani. Kazi hiyo imenifundisha kwamba kipimo kibovu ni mwizi asiyepiga kelele. Mizani ya kakao ikipunja kilo moja kwa kila gunia, mkulima haoni jeraha wala hasikii maumivu. Anarudi nyumbani akidhani mwaka ulikuwa mbaya.

Lakini kuna kipimo kibovu kinachoiba zaidi ya kakao. Nilipokuwa kidato cha pili, mwenzangu niliyekaa naye dawati moja alishikwa na homa. Ilikuwa mwezi wa Aprili, na wote mnajua mvua za Aprili hapa kwetu. Alipimwa damu, akaambiwa hakuna vijidudu vya malaria, akarudi na vidonge vya kutuliza homa. Siku ya tatu hakuamka vizuri. Tulimbeba kwa baiskeli, wawili tukimshika huku na huku, naye hakurudi tena shuleni. Simlaumu mtu. Aliyetazama katika hadubini alikuwa na foleni ndefu, na vijidudu vikiwa vichache vyaweza kumpita hata mtu hodari. Lakini tangu siku hiyo, kila nikiambiwa "tumepima", hujiuliza: kipimo chenyewe nacho kimepimwa?

Sasa tuuangalie mwanga. Nianze na chombo kiitwacho jairoskopu, yaani chombo kinachohisi kugeuka. Mvuvi wa Matema hujua alikoelekea kwa kutazama milima ya Livingstone. Ukungu ukishuka, mtumbwi waweza kugeuka robo duara naye asihisi. Rubani aliye ndani ya wingu ana shida hiyo hiyo, na mashaka yake ni makubwa zaidi.

Vijana, fikirini wanafunzi wawili waliosimama mgongo kwa mgongo chini ya mwembe ulio kandokando ya uwanja wa duara. Wanaanza kukimbia kwa mwendo ulio sawa, mmoja kulia na mwingine kushoto, kila mmoja azunguke uwanja mzima. Watafika mwembeni pamoja. Lakini kama mwembe ungeweza kusogea kidogo kulia wakati wanakimbia, mmoja angeufikia kwanza na mwingine angechelewa. Kwa kupima tofauti ya kufika kwao, tungejua mwembe umesogea kiasi gani, hata kama hatukuuona ukisogea.

Mfaransa Georges Sagnac alionyesha mwaka 1913 kwamba mwanga unaozungushwa njia mbili zinazopingana hufanya hivyo hivyo. Mwaka 1976 Victor Vali na Richard Shorthill, wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha jairoskopu iliyotumia uzi wa kioo uliozungushwa kama uzi katika kibiringo. Mwanga mmoja hugawanywa mara mbili, nusu hupita huku na nusu kule, kisha nusu hizo hukutanishwa. Chombo kikigeuka, hazikutani sawasawa. Leo vyombo vya namna hiyo huongoza ndege na meli.

Lakini tofauti inayopimwa ni ndogo mno. Joto, baridi na mtikisiko vyote hutikisa mwanga ule. Wahandisi walitumia miaka mingi kuvishinda, na silaha yao kubwa ilikuwa hii: nusu zote mbili zipitishwe njia ile ile moja, ila kwa kuelekea pande tofauti. Usumbufu unaozigusa zote kwa kiasi kilekile hujifuta wenyewe zinapokutana, kama vile gunia tupu lililowekwa pande zote mbili za mizani. Kinachobaki ni kugeuka.

Ndugu zangu, huo ndio ufundi wa vihisi vyote vilivyo makini: kutenganisha jambo unalolitafuta na kelele zinazolizunguka. Nao umefika mpaka kwenye kidole cha mgonjwa.

Wengi wenu mlikiona kibano kile cha kidoleni wakati wa ugonjwa wa korona. Huitwa oksimita, na hupima hewa ya oksijeni iliyomo katika damu. Msingi wake uliwekwa mwaka 1974 na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, akiwa katika kampuni ya Nihon Kohden. Alikuwa akifanya kazi nyingine ya kupima damu kwa mwanga uliopitishwa sikioni, na mapigo ya moyo yakawa yanamharibia kipimo. Alipotafuta namna ya kuyaondoa, aligundua kwamba mapigo hayo ndiyo yaliyobeba habari. Mfupa, nyama na ngozi havibadiliki kwa kila pigo, bali damu ya mshipa huongezeka na kupungua. Ukilinganisha mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho, na ukafuata kile kinachopiga tu, utaijua damu yenye oksijeni na isiyo nayo.

Ni uvumbuzi uliookoa watu wasiohesabika, na sina nia ya kuupunguzia sifa. Lakini Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha kibano hicho na damu iliyotolewa mshipani. Waliwatazama wagonjwa ambao kibano kiliwaonyesha oksijeni ya asilimia 92 mpaka 96, yaani watu ambao daktari angeweza kuwaona kuwa hawamo hatarini. Kati ya weupe, asilimia 3.6 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kati ya weusi, walikuwa asilimia 11.7. Kosa lilikuwa karibu mara tatu kwetu sisi.

Kwa nini? Rangi ya ngozi hunyonya mwanga, na hesabu ya Aoyagi iliyopaswa kuiondoa ngozi haikuiondoa yote. Tena majaribio ya kuvisawazisha vifaa hivyo yalikuwa yamefanywa zaidi kwa watu weupe. Hakuna aliyekaa akapanga kutudanganya. Ni kwamba kilipokuwa kikisawazishwa, vidole vyetu vilikuwa vichache chumbani.

Hapo ndipo ninapotaka vijana mnisikilize. Mizani huhakikiwa kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Anayechagua mawe hayo ndiye anayeamua mizani itasema kweli kwa nani. Tukingoja wengine wavumbue, watengeneze, wasawazishe na watuuzie, tutapata vyombo vizuri ambavyo labda havitufahamu.

Wapo walioanza kukataa kungoja. Jirani zetu wa Uganda wana kijana aitwaye Brian Gitta, mhandisi wa programu za kompyuta aliyesoma Makerere. Aliugua, na ilibidi apimwe damu mara nne ndipo malaria yake ionekane. Nilipoisoma habari hiyo niliweka gazeti chini nikamkumbuka mwenzangu wa dawatini. Gitta na wenzake walitengeneza kifaa cha kubana kidoleni, wakakiita kwa neno la lugha yetu: Matibabu. Hakitoi damu. Humulika kidole kwa mwanga mwekundu, nacho kina sumaku.

Sumaku ya nini? Kijidudu cha malaria hula himoglobini ya damu, na chuma kilichomo humo hukigeuza kuwa chembe ngumu ziitwazo himozoini. Chembe hizo huvutwa na sumaku kwa namna ambayo damu ya mtu mzima wa afya haivutwi. Kwa hiyo kijidudu huacha nyayo zake, na Gitta alitaka mwanga uzione nyayo hizo na kupeleka jibu kwenye simu katika muda wa dakika moja.

Juni 2018, mjini Nairobi, alipewa Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Alikuwa na umri wa miaka 24, mshindi wa kwanza kutoka Uganda na mdogo kuliko wote waliomtangulia. Tuzo hiyo hiyo ilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 2015, ilichukuliwa na Mtanzania, Dakta Askwar Hilonga wa Arusha, kwa chujio lake la maji. Basi msiniambie kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali.

Lakini nisiwadanganye, maana nitakuwa nimekosea kazi yangu. Gitta alipopewa tuzo, kifaa chake kilikuwa bado katika majaribio, na tuzo si uhakiki. Kijidudu kimoja kati ya chembe nyingi za damu, kikitafutwa kwa kupita ngozi, nyama na ukucha, ni kelele nyingi na habari kidogo. Jairoskopu ya uzi wa kioo nayo haikupanda ndege mwaka ule ule ilipoonyeshwa. Kwa hiyo leo mwenye homa asingoje uvumbuzi wowote. Aende zahanati apimwe kwa kipimo kilichopo, na homa isipokoma arudi apimwe tena. Mwenzangu hakurudishwa mara ya pili. Gitta alirudi mpaka mara ya nne.

Nanyi wanafunzi, mkiwa maabara, msinakili jibu la kitabuni mkaliita kipimo chenu. Pimeni mara tatu. Mkipata majibu matatu tofauti, yaandikeni yote matatu, kisha mtafute sababu. Mwanafunzi anayeandika "nimepata tofauti na sijui kwa nini" ameshafika pale Aoyagi alipoanzia.

Kwa wenzangu wa zamani nina ombi moja. Tumezoea kuchangia rangi ya kuta na viti vya ukumbi, na si vibaya. Mwaka huu tuchangie vipimo: vipimajoto, saa za kuhesabia sekunde, mita za umeme, na hadubini moja iliyo imara. Mimi nitaleta mizani ya sahani mbili na mawe yake, nami nitayahakiki mwenyewe mbele ya kidato cha pili kabla sijakabidhi. Wao wachague nani ashike daftari.